Gitaa lilinipiga shoti katikati ya ibada, wakanitaka nitubu: jinsi nilivyoifungua amplifaya yangu ya tube mpaka nikamkuta mchawi

Wakuu, salamu zenu nyote, wa mjini na sisi wa kwenye ukungu.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuchangia ni mvivu. Leo naandika yangu. Sina sababu ya kudanganya maana nataja watu kwa majina yao ya ubatizo, wapo hai, na wengine wana bando. Atakayeona nimeongeza chumvi aje anisute hapa hapa.

Shule sikuipata sana, kwa hiyo mwandiko mtanivumilia.

Mimi ni mkulima huku Lushoto, njia ya kupanda Rangwi. Kabichi, karoti, viazi, ng'ombe mmoja wa maziwa. Lakini kazi niliyozaliwa nayo ni gitaa. Jumamosi nilikuwa napiga baa za Soni na Mombo, Jumapili napiga kwaya ya usharika wetu. Sikuwahi kuficha. Kila mtu alijua, na waliokuwa wakinitunza baa Jumamosi wengine nilikuwa nawakuta kanisani wamekaa benchi la mbele.

Amplifaya yangu ni ya tube. Kwa vijana ambao hamjaiona: ndani hamna zile chip ndogo ndogo, kuna vichupa vya kioo vinawaka rangi ya kaa la moto, na lazima uisubiri ipate joto ndipo itoe sauti. Nzito kama jiwe la kusagia. Lakini ikiamka vizuri, mkuu, sauti yake unaisikia tumboni.

Aliniachia mjomba wangu. Alikuwa anapiga bendi ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge kule chini Korogwe enzi zile mashamba yana bendi. Alipofariki ikapandishwa mlimani, ikakaa kwa mama yangu mpaka mimi nilipojenga.

Sasa hapo kuna jambo, na mtuhumiwa wangu wa kwanza ni mama yangu mzazi.

Huku kwetu kila chenye thamani kinakaa darini, juu ya meko. Mbegu za mahindi, maharage, mpaka cheti cha ndoa. Moshi unapanda, wadudu hawaingii, unyevu haukai. Basi mama kwa mapenzi yake akaipandisha amplifaya darini pamoja na mahindi ya mbegu. Miaka na miaka inakula moshi wa kuni.

Nilipomuuliza alinijibu:

"Mwanangu, ningeiacha chini ikaliwa na wadudu je?"

Niambieni wakuu, hapo unamjibu nini mama?

Nilipoichukua ilikuwa nyeusi kama chungu. Nikaifuta nje, nikaiwasha, ikaimba. Ndani sikugusa. Nikapiga nayo muda mrefu tu.

Kisha ikaanza ugonjwa.

Kwanza ikawa inakwaruza, kra kra kra, kama mtu anakaanga bisi. Halafu ikaongeza ngurumo, mmmmmm, hata hujagusa waya. Halafu kuna siku ukipandisha sauti inapiga yowe lenyewe bila kuguswa. Na fyuzi ikawa inakata. Unaweka mpya, inakata. Unaweka nyingine, inakata.

Tukakaribia Jumapili ya wageni. Kwaya kutoka Tanga mjini zinakuja, na usharika wetu ndio wenyeji.

Hapa ndipo anaingia mtuhumiwa wa pili, Mzee Yoeli. Huyu ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kwaya. Wakati huo mchungaji wetu wa zamani alikuwa amehamishwa na mpya hajafika, kwa hiyo usharika mzima ulikuwa mfukoni mwa Mzee Yoeli. Akaniambia:

"Elinaza, hiyo ngurumo sitaki kuisikia mbele ya wageni. Mpe Obedi."

Obedi ndiye mtuhumiwa wa tatu. Fundi simu pale mjini karibu na soko. Simu anatengeneza, sikatai. Lakini Obedi ni mtu ambaye hajawahi kusema "sijui" tangu aanze kuongea. Ukimpelekea jino atalifungua.

Nikampa. Akakaa nayo, akairudisha Jumapili asubuhi akiwa anacheka.

"Bro, nimeitibu. Fyuzi haikati tena, na ile ngurumo nimeinyonga."

Tukaiwasha. Kweli, kukwaruza kulikuwepo kidogo, lakini ngurumo imepungua na fyuzi imetulia. Mzee Yoeli akamshika Obedi bega, akasema Mungu ametupa vijana.

Ibada ikaanza, kanisa limejaa mpaka nje. Zamu yetu ikafika. Nikavaa gitaa, mkono wa kushoto umekamata nyuzi, nikasogeza mdomo kwenye maikrofoni nianzishe wimbo.

Wakuu, sikuanzisha chochote.

Mdomo ulipogusa chuma cha maikrofoni niliona mwanga mweupe. Mkono wa kushoto ukajifunga kwenye gitaa kama kufuli. Nataka kuachia, haufunguki. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Mwili unatetemeka wenyewe, magoti yanacheza.

Na watu wakapiga makofi.

Narudia, watu wakapiga makofi. Walidhani nimeshukiwa. Kuna mama alipaza sauti "Asante Yesu!" Mimi nakufa, mwenzangu anashukuru.

Aliyeniokoa ni mke wangu, Mama Tumaini, alikuwa kwenye sauti ya kwanza. Ananijua mimi nikicheza na mimi nikifa. Aliruka benchi, akaukamata waya wa extension, akaung'oa ukutani. Nikaanguka chali na gitaa langu kifuani.

Niliamkia hospitali. Midomo kama imepigwa pasi. Vidole vya kushoto vimeungua, viwili vya mwisho mpaka leo havikunji.

Sasa sikilizeni kilichonipata nikiwa bado kitandani, maana maumivu ya mkono yaliisha, haya hayajaisha.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, Mzee Yoeli alisimama akasema Mungu hachezewi. Akasema mkono unaopiga gitaa baa Jumamosi hauwezi kuletwa madhabahuni Jumapili, na kila mtu ameona kwa macho yake mkono wa Mungu. Akatangaza kwamba nimetengwa, na nikitaka kurudi kundini nisimame mbele ya usharika nitubu.

Kwa ambao si wa huku: kutengwa si mchezo. Meza ya Bwana huendi. Kwaya huendi. Na kubwa kuliko yote, ukifa hujarudi kundini, hakuna wa kukuzika kwa ibada. Unafukiwa na ndugu zako kimya kimya kama mbwa aliyegongwa na lori.

Mama alilia.

"Simama tu useme, mwanangu. Ni maneno. Mimi nitakutangulia, lakini wewe nani atakuzika?"

Mke wangu naye, aliyeung'oa waya kwa mkono wake, akaniambia:

"Baba Tumaini, dakika moja tu. Unasimama, unasema samahani, unakaa, yaishe."

Nikawajibu, nitatubu nikijua nimekosa nini. Kama ni Mungu aliyenipiga, nitapiga magoti kuanzia mlangoni mpaka madhabahuni. Lakini kama ni waya, siwezi kutubu waya. Aliyekosea ni waya, atubu waya.

Wakaniona nimechanganyikiwa na shoti.

Obedi naye akaja kuniona mgonjwa. Mkononi ana mfuko wa matunda ya plamsi, machoni ana amplifaya yangu.

"Bro, hii kitu ina mkosi. Niachie nikang'oe spea, wewe usiione tena."

Nikamwambia aache plamsi aende.

Mkono ulipopata nafuu nikaitoa amplifaya uani mchana kweupe, nikafungua skrubu za nyuma. Jamani! Ndani ni kama shimo la tanuri. Masizi yameganda kila mahali, yale ya kunata yenye mafuta mafuta kama lami. Nikachukua kijiko nikaanza kukwangua.

Nikasikia mtu anapiga kelele getini.

"Wee Baba Tumaini! Toa mkono humo! Unataka kumwachia mwenzio eda?"

Huyo ni Mwalimu Zuhura. Anafundisha fizikia sekondari ya hapa jirani, mtu wa Tanga mjini, na maziwa anachukua kwetu. Mwembamba, ushungi wake safi, mdomo wake pilipili.

Nikamwambia mbona nimechomoa plagi, haina umeme.

"Haina kwa macho yako. Humo kuna kapasita, zile kama vikopo. Zinaweka umeme ndani hata ukichomoa. Ukiigusa sasa hivi unamalizia safari uliyoianza kanisani."

Akaweka dumu la maziwa chini. Akaniuliza yote yalivyokuwa, tangu fyuzi mpaka mdomo kwenye maikrofoni. Hakucheka. Akasema:

"Mimi tube nilizisoma kwenye kitabu tu, sijawahi kuitengeneza hata moja. Tutajifunza wote. Lakini sheria moja: tukiiwasha ikiwa wazi, mkono wako mmoja unakaa mfukoni. Ukiutoa, mimi naondoka na maziwa yangu silipi."

Basi tukaanza. Yeye anasoma kwenye simu, mimi nashika. Kazi hatukuifanya kwa mara moja. Akija kuchukua maziwa tunaendelea pale tulipoishia.

Kwanza akanionyesha namna ya kuzimaliza zile kapasita, kwa kuziunganisha na rizista yenye nguvu mpaka mita isome sifuri. Bila mita kusoma sifuri haturuhusiwi kugusa.

Halafu tukaanza na ule ugonjwa wa kukwaruza. Nikachomoa tube moja moja. Miguu yake imeshika masizi, na yale matundu ya kuikalia ndiyo usiseme. Nikayasafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani mpaka pamba ikatoka nyeupe. Tukawasha. Bisi zikaisha!

Mama alikuwa ananitazama, kakaa kwenye kigoda. Nikamwonyesha ile pamba nyeusi.

"Unaona moshi wako, mama?"

"Naona. Lakini wadudu je, umekuta?"

Sikukuta hata mmoja. Ikabidi nikubali.

Ugonjwa wa pili, lile yowe. Mwalimu akasoma mahali kwamba tube ikichoka vitu vya ndani vinalegea, ikitikiswa inalia. Kuijua, unaigonga kidogo kidogo kwa kijiti kikavu ikiwa inawaka. Nikachonga kijiti. Mkono mmoja mfukoni, huo mwingine nagonga. Ya kwanza, ting! Spika ikaitika kama kengele ya mbuzi. Nyingine zote kimya.

Tube mpya huku unaitoa wapi? Lakini palikuwa na nyingine ya aina ile ile, imekaa mahali ambapo kazi yake si kuanza kukuza sauti. Tukazibadilisha nafasi. Ile mgonjwa ikapelekwa mbali na mlango, pale sauti ya gitaa inapoingilia, ile nzima ikaja mlangoni. Yowe likakatika. Mtu wa humu anayejua atatueleza vizuri kwa nini, mimi najua imekubali tu.

Ngurumo, tukakuta vikopo viwili vimevimba vichwa. Nikaagiza Dar, vikaja na basi, nikavichomelea mwenyewe kwa mkono huu wenye vidole vizima vitatu. Chomeleo langu baya kama kinyesi cha kuku, lakini linashika.

Halafu Mwalimu Zuhura akasema tuiangalie plagi. Mimi nikamwambia plagi ina nini, si plagi tu? Akanipa bisibisi.

Nikafungua.

Nyaya ziko tatu. Mbili zimefungwa kwenye nafasi zake. Wa tatu, ule wa kijani na njano, umekatwa, umekunjwa nyuma, umezungushiwa tepu nyeusi. Vizuri kabisa. Mtu aliyefanya hivyo hakuwa na haraka.

Nilikaa chini, wakuu.

Mwalimu akachukua mita, akapima tena na tena, kisha akanionyesha kidude kimoja cha zamani kimeunganishwa kati ya waya wa moto na bodi ya chuma. Kimekufa. Kikifa kinapitisha umeme wote kwenye bodi, na bodi ndiyo hiyo hiyo nyuzi za gitaa.

Akanieleza taratibu kama anafundisha darasa. Ule waya wa tatu, ethi, ungekuwepo, umeme ungekimbilia chini na fyuzi ingekatika. Haukuwepo, basi ukapita mwilini mwangu mpaka kwenye chuma cha maikrofoni, ambacho chenyewe kina ethi.

"Na ndivyo ilivyokuwa inafanya," akasema. "Fyuzi yako ilikuwa inakuambia kila mara, usiniguse. Huyo fundi akaiziba mdomo."

Nadhani mnaelewa nilivyojisikia. Nilipanda bodaboda hapo hapo, na matope ya uani miguuni, mpaka kibandani kwa Obedi.

Alikuwa na wateja. Nikaiweka plagi mezani kwake, iko wazi.

"Obedi, huu waya nani kaukata?"

Akaiangalia, akacheka.

"Bro, ethi ni mapambo ya Wazungu. Huku kwetu mbona kila mtu anachokonoa lile tundu la juu kwa kalamu na anachomeka plagi ya miguu miwili? Umemwona nani amekufa?"

"Unaongea na mtu aliyekufa."

Cheko likakatika. Wateja wakageuka. Akashusha sauti.

"Sikiliza. Mzee Yoeli ndiye aliniambia ninyamazishe ngurumo kwa njia yoyote. Nikamwambia njia ya haraka ipo, ila itakuwa inatekenya kidogo, mpigaji aangalie asishike na chuma kingine. Akasema sawa, atamwambia."

Kaniambia nani? Wakuu, hakuniambia mtu. Huyo mzee alijua. Alijua waya umeguswa, alijua inatekenya, akaniacha niende na mdomo wangu kwenye maikrofoni. Kisha akasimama mbele ya watoto wangu akasema ni Mungu.

(Samahani, nilikwenda kumkamua ng'ombe. Naendelea.)

Wakati huo mchungaji mpya alikuwa amefika, kijana, mpole, bado anajifunza majina yetu. Nikamfuata nikaomba baraza la wazee wa kanisa linisikilize. Akakubali, mchana, kwenye ukumbi mdogo wa usharika.

Nikaipakia amplifaya kwenye bodaboda nikaifunga kwa mpira kama nguruwe. Nilikuwa nimeurudisha waya vile vile Obedi alivyouacha, na kile kidude kibovu sikukitoa. Nilitaka waione ikiwa na ugonjwa wake. Mwalimu Zuhura alinikatalia mara mbili, mara ya tatu akasema basi nakuja mwenyewe, siwezi kukuachia uue wazee wa watu.

Tukaingia.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

Mzee Yoeli akamwona Mwalimu.

"Na huyu naye? Hili ni baraza la kanisa."

"Mimi nimesindikiza balbu yangu, mzee wangu," Mwalimu akajibu. "Kazi ikiisha natoka nayo."

Wazee wawili wakainamisha nyuso, mabega yanacheka.

Balbu yenyewe ni ile ya zamani ya nyuzi, iko kwenye holda yenye nyaya mbili. Akafunga waya mmoja kwenye ethi ya soketi ya ukumbi. Mimi nikachomeka amplifaya, nikaunganisha gitaa, nikalilaza juu ya meza ya mbao. Mikono nikaiweka mbali. Akawaambia wazee wasogee nyuma. Kisha kwa koleo lenye mpira akaugusisha ule waya wa pili wa balbu kwenye uzi wa gitaa.

Balbu ikawaka.

Si kidogo. Ikawaka kama ya sebuleni. Wakuu, gitaa linawasha taa!

Nje unasikia mbuzi tu.

Nikasema, "Mzee Yoeli. Shika hizo nyuzi kwa mkono mmoja, na mwingine uweke kwenye ethi ya soketi pale ukutani."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Ulisema ni mkono wa Mungu, na ulinipiga kwa sababu ya baa. Wewe baa huendi. Wewe ni msafi. Shika, haitakufanya kitu."

Akarudisha mikono nyuma mgongoni.

"Elinaza, usilete dhihaka mbele ya mchungaji."

"Sileti dhihaka, mzee. Nakupa gitaa."

Mchungaji akaniambia, "Baba, zima." Nikazima. Akamgeukia Mzee Yoeli akamuuliza swali moja tu, kama alijua waya ule umekatwa. Mzee akaanza kueleza habari za wageni, na sifa ya usharika, na kwaya za Tanga. Mchungaji akauliza tena, taratibu vile vile. Mzee akasema aliambiwa inatekenya, hakujua kutekenya ni nini.

Halafu akageuza kibao.

"Lakini baa si alikuwa anapiga? Hilo nalo litajibiwa na balbu?"

Mchungaji akasema, "Hilo halikutangazwa kama kosa lake siku zote alipokuwa anawapigia kwaya. Kilichotangazwa ni mkono wa Mungu." Akatazama wazee wote. Hakuna aliyepinga. Akasema basi, nimerudi kundini tangu saa hiyo, sina haja ya kusimama mbele ya watu.

Mtu mwingine angesema asante akaenda kunywa chai.

Mimi nikasema hapana.

"Kutengwa kulitangazwa kanisani, wakati wa matangazo. Kunitoa kutangazwe hapo hapo, na atangaze aliyetangaza."

Mzee mmoja akaguna, "Ukipewa shubiri usichukue pima."

Nikamwambia, "Shikamoo tena mzee wangu. Nilipolala chali kanisani nilipimwa pima nzima."

Nikajua nimeudhi. Sijali. Mke wangu nilipomweleza nyumbani alishika kichwa, akaniambia nimeacha mlango uliofunguliwa nikarudi kugombana na ukuta. Nikamwambia mimi mlango wa nyuma siingii.

Nyumbani nikaing'oa ile maiti ya kidude, nikafunga waya mpya wenye ethi, nikamwita Mwalimu apime. Balbu haikuwaka. Nikashika nyuzi kwa mkono mmoja, chuma cha maikrofoni kwa mwingine, mbele ya mama yangu. Mama akafumba macho. Alipofumbua nilikuwa bado nimesimama.

Kisha Jumapili ikaja.

Nilikaa nyuma kabisa na familia yangu. Matangazo yakafika. Mzee Yoeli akasimama na miwani yake. Akatangaza mnada wa mavuno utakaofanyika baada ya ibada, mikungu ya ndizi na jogoo wawili. Akatangaza ndoa. Akatangaza mbuzi aliyepotea. Kisha akashusha kichwa, akasema haraka haraka kwenye ndevu zake, kwamba ndugu Elinaza alitengwa kimakosa, ilikuwa ni hitilafu ya umeme, yupo kundini, na sasa tuimbe.

Mke wangu akanigusa kiwiko. "Umesikia? Yameisha. Kaa."

Nikasimama.

"Mwenyekiti, huku nyuma hatukusikia. Rudia."

Kanisa zima likageuka. Mzee akamtazama mchungaji. Mchungaji akawa anafungua kitabu cha nyimbo, anatafuta ukurasa, haupati.

Basi akarudia. Kwa sauti. Neno kwa neno, mpaka watoto waliokuwa nje dirishani wakasikia.

Nikakaa.

Hiyo ndiyo habari yangu.

Mnaotaka funzo: waya wa kijani na njano si pambo. Fyuzi ikikata kila mara usiikasirikie, iulize inaogopa nini. Amplifaya ya tube usiifungue kama humjui mtu wa kukukemea. Mbegu ziweke darini, umeme usiuweke. Na mtu akikuambia upige magoti kwa jambo usilolijua, kwanza lifungue ulione ndani.

Kwaya sijarudi. Mlango uko wazi, nitaingia nikitaka. Kwa sasa napiga harusi na misiba, kwa vidole vitatu na ukaidi, na wanaonialika ni wale wale waliopiga makofi.

Kelele kidogo bado ipo nikipandisha sauti mwisho, ssss kama chai inataka kuchemka. Wataalamu wa tube mliopo humu, nianzie wapi? Na kama kuna aliyewahi kutekenywa na chombo chake akaambiwa ni mapepo, aandike hapa chini, tusikie.

Obedi, najua unausoma huu uzi, maana jana umemwuliza shemeji yako nimeandika nini. Jiunge, ni bure. Jina la kutumia tayari unalo: Mtuhumiwa wa Tatu.